Risasi Zinazofanana Hazibadilishani Ovyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nifafanue dhana iliyozagaa kwamba risasi zenye kipenyo kimoja hufaa silaha yoyote ya kipenyo hicho. Chukua .38 Special na .357 Magnum, aina mbili za risasi za bastola: vichwa vyake vina upana uleule, takriban milimita 9.07, lakini ganda la Magnum, iliyotoka mwaka 1935, lilirefushwa kwa zaidi ya milimita 3 ili lisizame katika silinda (sehemu inayozunguka yenye matundu ya risasi) ya bastola ya .38, ambayo haikuundwa kuhimili shinikizo lake. Kwa hiyo Special huingia katika bastola ya Magnum, wala si kinyume chake. Hata hivyo, Special ikitumika humo masizi hujikusanya mbele ya ganda lake fupi, na baadhi ya karabini (bunduki fupi) za wenzo hukwama zikilishwa risasi fupi.

Kwenye risasi ziitwazo za milimita 9, kama Luger, Makarov na .380, ndiko wengi hujikwaa. Ganda la Luger lina urefu wa milimita 19, la Makarov milimita 18, na la .380 milimita 17, na hakuna linalostahili kuingizwa katika chemba (tundu la risasi) ya mwenzake.

Kutumia risasi moja kwa silaha mbili si jambo la leo, kwani karabini ya Winchester ya 1873 na baadhi ya bastola za Colt zilitumia risasi ileile ya .44-40. Mtutu mrefu huiongezea Magnum kasi kubwa, ilhali Luger, ambayo baruti yake huungua upesi, hunufaika kidogo tu; ajabu ni kwamba karabini za Luger ndizo zinazopendwa, nadhani kwa sababu baadhi yake hupokea magazini (kibweta cha risasi) ileile ya bastola.

Msomaji wako