Neno "kusitisha" linawaponza wazazi mahakamani

Ndugu Mhariri,

Katika kesi za watoto waliochukuliwa na serikali hapa Marekani kuna neno la Kiswahili linalowaponza wazazi, na linatoka vinywani mwa wakalimani wetu wenyewe. Jaji anatamka kwamba haki za mzazi zimefutwa. Mkalimani anasema "zimesitishwa". Sasa, kwa Mswahili kilichositishwa hurudi. Mpira husitishwa kwa mvua, meli husitisha safari kwa upepo, kesho yake mambo yanaendelea. Mzazi anatoka kortini akiamini ataitwa tena. Katika jimbo la Washington muda wa kukata rufaa ni siku 30, nazo humpita akiwa amekaa na simu mkononi.

Neno la pili ni "kumwachia". Ipo karatasi ya mzazi kuachana na haki zake kwa hiari. Ikielezwa kuwa ni "kumwachia mtoto yule mama anayemlea", mtu wa Uvira au Kigoma anasikia jambo la kila siku. Watoto wangapi wameachiwa bibi, shangazi au mama mdogo, wakasomeshwa, na mzazi akabaki mzazi? Anasaini. Alichosaini ni kwamba mbele ya sheria yeye na mtoto wake hawana uhusiano: hana haki ya kumwona, wala ya kuulizwa kuhusu shule yake, wala ya kuambiwa kahamishiwa wapi. Mkalimani wa korti haruhusiwi kuongeza ufafanuzi wake, kwa hiyo mzigo wote uko kwenye neno analolichagua. Tunawaomba waseme "zimekatwa, hazipo tena", hata kama inauma kulisema.

Kuona kukatwa ni kusitishwa ni kosa la kwanza. Baadaye watu hukosea upande wa pili. Kwenye makundi ya WhatsApp yanaenea maneno kwamba haki zikishakatwa basi, umezikwa. Si kweli: majimbo zaidi ya 20 yana sheria ya kumrejeshea mzazi haki zilizokatwa, Washington na Texas zikiwemo, ambako Waswahili si haba.

Lakini kwanza saa, yaani muda unaohesabiwa kwenye kesi, kwa sababu ndiyo inayowakata wengi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1997, maarufu kwa kifupi ASFA, inalitaka jimbo lifungue ombi la kukata haki mtoto akishakaa kwa walezi wa kambo (walezi wa muda waliowekwa na serikali) miezi 15 kati ya 22 ya karibuni. Miezi hiyo si lazima ifuatane. Saa inaanza siku korti ilipotamka kwamba mtoto aliteswa au alitelekezwa, au siku ya 60 tangu alipochukuliwa, ile itakayotangulia. Sheria hiyohiyo inataja hali tatu ambazo jimbo linaweza kuacha kufungua ombi: mtoto akilelewa na ndugu, ikiwepo sababu nzito iliyoandikwa kwenye mpango wa kesi kwamba kukata hakutamfaa mtoto, au idara ya watoto ya jimbo ikiwa haijampa mzazi huduma ilizomwahidi ili mtoto arudi nyumbani. Hali hizi hazijiandiki zenyewe kwenye jalada. Asipozisema wakili kortini, ni kama hazipo.

Washington kesi inakwenda hivi. Mtoto akichukuliwa, kikao cha kwanza kinakaa ndani ya saa 72, bila kuhesabu Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Kikao cha kuthibitisha madai kinatakiwa kiwe ndani ya siku 75 tangu ombi kufunguliwa. Mapitio ni kila miezi sita, na kabla ya miezi 12 kwisha jaji anauliza mpango wa kudumu wa mtoto ni upi. Mzazi asiye na uwezo ana haki ya wakili wa kulipiwa na serikali tangu kikao cha kwanza. Wengi hawamwambii wakili huyo lolote kwa sababu wanamdhania ni mtu wa idara. Si mtu wa idara. Ni wako, na uliyomwambia hayapeleki kwa keswoka, yule mfanyakazi wa idara anayesimamia kesi.

Kikwazo kinachorudi katika kesi baada ya kesi ni madarasa. Mpango wa huduma unasema mzazi ahudhurie darasa la malezi, tuseme wiki 10. Darasa ni la Kiingereza. Mzazi anakwenda mara mbili, haelewi kitu, anaacha. Ripoti ya keswoka inaandika "hakumaliza huduma", na jaji anasoma ukaidi. Idara yoyote inayopokea fedha za shirikisho inabanwa na Kifungu cha Sita cha Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964: lazima ichukue hatua zinazofaa ili mtu asiyejua Kiingereza apate huduma anayoielewa. Kwa hiyo siku ile ile ya kwanza, kabla hata ya kutoka kwenye jengo, mzazi amtumie keswoka ujumbe wa maandishi: "Darasa la leo halikuwa na mkalimani wa Kiswahili. Naomba mkalimani au darasa lingine." Na wakili apewe nakala. Ujumbe huo mfupi ndio unaokuja kuwa ushahidi wa hali ya tatu tuliyoitaja juu. Malalamiko ya mdomo, hata yakirudiwa mara kumi, jaji hayaoni.

Saa za kumtembelea mtoto nazo ni mtego. Mtu anafanya zamu ya usiku ghalani, ziara kapangiwa saa nane mchana upande wa pili wa mji, mabasi mawili. Akichelewa, ziara inaweza kufutwa na kuhesabiwa kuwa amekosa. Aombe saa nyingine mapema, kwa maandishi, na aambatanishe ratiba ya kazi. Kipimo cha mkojo kilichokosekana mara nyingi huhesabiwa kama kilichoonyesha dawa za kulevya. Asiyeweza kufika apige simu kabla, si kesho yake. Daftari moja la shule linatosha: tarehe, saa, nani alikuwepo, nini kilisemwa.

Na ndugu watajwe mapema. Sheria ya shirikisho ya 2008 inaitaka idara iwatafute ndugu watu wazima na kuwaarifu ndani ya siku 30 tangu mtoto kuchukuliwa. Hapa majina yetu yanatusaliti. Mama mdogo aliyesajiliwa kambi ya wakimbizi kwa jina lisilofanana na la dada yake anaandikwa "rafiki wa familia", na rafiki hana uzito wa ndugu. Mzazi achore ukoo kwenye karatasi, aeleze kwamba mama mdogo ni mdogo wa mama tumbo moja, aweke simu na anwani. Ndugu akishampokea mtoto, panaweza kuombwa ulezi wa kisheria ambao Washington haukati haki za mzazi. Kwa maoni yetu hii ndiyo njia inayopuuzwa kuliko zote, na keswoka hatakuja kuitaja asipoulizwa.

Sasa tuseme yote yalishindikana na haki zilikatwa. Washington, tangu 2007, kifungu RCW 13.34.215 cha sheria za jimbo kinaruhusu zirejeshwe. Mwenye kuomba ni mtoto, si mzazi. Awe na miaka 12 au zaidi (korti inaweza kumsikiliza mdogo zaidi ikiwa kuna sababu), iwe imepita miaka mitatu tangu amri ya mwisho, na awe hajapata makao ya kudumu, au aliyapata yakavunjika. Mtoto anasaini ombi mwenyewe na anapewa wakili bure. Kikao cha kwanza kinapima kama mzazi anaonekana kufaa na kama anataka kweli. Kikipita, kinafuata kikao kamili chenye kiwango kikubwa cha ushahidi: je, yale yaliyosababisha haki kukatwa yamerekebishwa? Mtoto mwenyewe anasemaje? Kuna hatari kwa afya au usalama wake? Korti ikiridhika, mtoto anarudi nyumbani kwa majaribio ya miezi sita, idara ikisaidia. Miezi hiyo ikipita salama, inatoka amri ya kudumu. Amri ya zamani haitangazwi kuwa ilikosewa. Inabaki ilivyo, na mzazi anakuwa mzazi tena kuanzia hapo.

Wapo wanaosema sheria hii inawavuruga waasili, yaani waliochukua watoto wawe wao kisheria. Inawahusu watoto ambao hakuna aliyewaasili, waliokatwa kwa wazazi wakabaki hawana mtu, wale wanaoitwa yatima wa kisheria wakati mama yupo hai mtaa wa tatu. California ilipofungua mlango huu mwaka 2005 iliwalenga hao hao. Tunacholalamikia ni kumkabidhi ufunguo mtoto wa miaka 12 ambaye hajui kama mlango upo. Texas, kwa sheria iliyoanza Septemba 2021, imefanya vizuri zaidi: miaka miwili tu baada ya amri, mzazi wa zamani anaweza kuomba mwenyewe, mradi aiarifu idara siku 45 kabla na mtoto awe hajaasiliwa. Washington ingeiga hilo bila kupoteza kitu.

Mpaka hapo, sheria ya Washington imeacha ufa mmoja. Mzazi akiwasiliana na idara, au na mwakilishi wa mtoto aliyeteuliwa na korti, kuulizia kurejeshewa haki, hao wanalazimika kumwarifu mtoto anayestahili kwamba ana haki ya kuomba. Mzazi hawezi kumpigia mtoto simu, lakini barua yake inaiamsha idara. Iwe fupi: jina lake, jina na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, namba ya kesi ya zamani, sentensi moja kwamba anaulizia kurejeshewa haki chini ya RCW 13.34.215, na vyeti vya alichorekebisha: matibabu, nyumba, kazi. Ipelekwe kwa njia ya posta yenye risiti, nakala ibaki nyumbani. Na namba ya simu iliyoandikwa humo isibadilishwe, kwa maana jibu linaweza kuchukua miezi.

Wasaidizi wa familia katika kesi za watoto,
Kent, Washington