Wiki ya New Orleans isiyo na Jumapili ni wiki pungufu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie wiki za utamaduni zinazoandaliwa katika jiji la New Orleans, kusini mwa Marekani, ambako mgeni hulipa mara moja, kisha akaongozwa kwa siku tano au sita kusikiliza jazi, kula vyakula vya Kikrioli, yaani mapishi ya jiji hilo yaliyochanganya asili za Kiafrika, Kifaransa na Kihispania, na kutembezwa katika mitaa ya kale. Wapo wasomaji wako wanaoishi Marekani, na wazazi wanaokwenda kuwatembelea watoto wao huko, ambao wameanza kuzifuatilia safari hizi, nami ni miongoni mwa wanaozisifu, kwa sababu jiji lile halieleweki kwa urahisi bila mwenyeji wa kukuonyesha njia. Lakini ratiba nyingi nilizozisoma zina kasoro moja inayonisumbua: wageni hupokelewa Jumapili jioni kwa chakula cha kukaribishana hotelini, na ikifika Ijumaa usiku au Jumamosi asubuhi wameshaagwa. Jumapili yenyewe, tangu asubuhi hadi machweo, haimo. Aliyeiondoa Jumapili katika ratiba ya New Orleans ameiondoa siku ambayo muziki na chakula cha jiji lile vilikulia pamoja.

Jiji lilianzishwa na Wafaransa mwaka 1718, na mwaka uliofuata meli za kwanza zilizobeba Waafrika waliotekwa zikafika Louisiana, koloni lililokuwa na jiji hilo. Wengi wa walioletwa katika miaka ile ya mwanzo walitoka Senegambia, kwa watu wanaojua kulima mpunga. Sheria ya Kifaransa kuhusu watumwa, iliyotangazwa Louisiana mwaka 1724, ilikuwa ya kikatili, lakini kwa kuwa iliandikwa kwa kufuata kalenda ya Kanisa Katoliki, ilikataza kuwafanyisha watumwa kazi siku ya Jumapili. Katika upenyo huo mdogo watu walikusanyika nje kidogo ya mji, mahali panapoitwa leo Congo Square, wakafanya biashara, wakapiga ngoma na kucheza. Mwaka 1817 baraza la jiji liliamuru mikusanyiko ya watumwa ifanyike tu mahali palipoteuliwa na meya, na uwanja huo ndio uliobaki. Miaka miwili baadaye Benjamin Latrobe, msanifu aliyefanya kazi kwenye jengo la Bunge la Marekani mjini Washington, alipita hapo Jumapili moja akakuta watu aliowakadiria kuwa mia tano au mia sita. Hakupendezwa hata kidogo na alichokisikia. Hata hivyo alichora ngoma zao, pamoja na ala ya nyuzi iliyotengenezwa kwa kibuyu, na michoro hiyo ni miongoni mwa ushahidi bora tulio nao kuhusu mizizi ya muziki unaouzwa leo kwa watalii.

Ningependa wasomaji wazingatie kwamba uwanja ule ulikuwa pia soko. Pale pale ngoma zilipolia, wanawake waliuza vyakula walivyopika kwa mikono yao, na wengine walizunguka mitaani baada ya misa wakinadi andazi la mchele liitwalo cala, ambalo Mswahili akilionja hatakawia kukumbuka kitumbua. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 18, jiji lilipokuwa chini ya Wahispania, sheria ilimruhusu mtumwa kujinunulia uhuru, na wapo wanawake waliojikomboa wao na watoto wao kwa akiba ya senti zilizotokana na biashara kama hiyo. Kwa hiyo ratiba inayotenga jioni ya muziki Jumanne na somo la mapishi Alhamisi, kana kwamba ni mambo mawili yasiyojuana, inakata kitu kilichokuwa kimoja.

Zaidi ya hayo, Jumapili ile haijafa. Kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi mwezi Juni, karibu kila Jumapili, chama kimojawapo cha Weusi wa jiji hutoka barabarani na bendi ya matarumbeta kwa muda wa saa nne hivi, katika msafara ambao wenyeji wanauita second line. Wanachama hutangulia wakiwa wamevaa suti na kofia za rangi moja, na nyuma yao hufuata umati wa mtaa mzima, watoto kwa wazee, kila mmoja akicheza anavyojua. Vyama hivi chimbuko lake ni vile vya karne ya 19 ambavyo sisi tungeviita vya kufa na kuzikana: mwanachama alitoa ada yake, na akiugua chama kilimlipia daktari, akifa kilimzika kwa heshima, pamoja na bendi. Ndiyo maana maziko ya jiji lile yanaanza kwa nyimbo za taratibu na za huzuni mpaka marehemu anapoagwa, kisha ngoma hubadilika na watu wakacheza njiani kurudi nyumbani. Pembeni mwa msafara wa Jumapili huegeshwa magari yanayouza nyama choma na supu ya tambi ya yakamein, chakula ambacho mgeni wa mikahawa ya hoteli anaweza kuondoka bila hata kukisikia. Soko na ngoma bado ziko pamoja, ila sasa zinatembea.

Hata Jumatatu ya New Orleans haieleweki bila Jumapili. Siku hiyo jiji zima hula maharage mekundu na wali, desturi ya zamani ya siku ya kufua nguo, ambapo mfupa wa nyama ya nguruwe uliobaki katika chakula cha Jumapili ulitiwa chunguni na maharage, yakachemka polepole wakati mama yuko kwenye beseni. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi, aliyezaliwa katika umaskini wa jiji hilo mwaka 1901 na kuondoka kwenda Chicago mwaka 1922, alikipenda chakula hicho kiasi cha kukitaja katika salamu za kumalizia barua zake. Mgeni anayepewa sahani hiyo Jumatano, kwa sababu Jumatano ndiyo iliyokuwa na nafasi, anakula maharage mazuri, basi.

Najua waandaaji wana sababu zao. Wataniambia kwamba njia ya msafara hutangazwa siku chache tu kabla, kwamba wageni wao wengi ni wastaafu wasioweza kutembea saa nne juani, na kwamba polisi na bima ni mzigo. Sababu hizi nazichukulia kwa uzito, lakini hazinitoshi. Redio ya jamii ya WWOZ, iliyoko hewani tangu mwaka 1980, hutangaza misafara hiyo na njia zake, na msafara una vituo vyake vya kupumzikia, hivyo mzee anaweza kukaa kwenye kiti kituo kimoja akauona wote ukipita. Katika miezi ya joto kali ambayo misafara imesimama, bado kuna ibada katika Kanisa la Mtakatifu Augustino katika Tremé, mtaa wa kale wa Weusi wa jiji, lililowekwa wakfu mwaka 1842, ambako Weusi huru walilipia viti vyao na kuwalipia pia wenzao waliokuwa utumwani. Na alasiri bado ngoma hupigwa Congo Square, hatua chache kutoka hapo.

Kama ni lazima kitu kipungue ili Jumapili iingie, mimi ningeanza na usiku wa Bourbon Street, mtaa wa baa na starehe za watalii, ambao mtu yeyote anaweza kuufikia kwa miguu yake bila kiongozi. Nisingegusa jioni ya Preservation Hall, ukumbi mdogo uliofunguliwa mwaka 1961 ili wanamuziki wazee wa jazi wapate mahali pa kupigia. Wala nisingegusa chakula cha mchana katika mkahawa wa Dooky Chase, ulioanzishwa mwaka 1941, ambako marehemu Leah Chase, aliyefariki mwaka 2019, aliwapikia wapigania haki za kiraia, Weusi kwa Weupe, katika chumba cha juu, wakati sheria za ubaguzi ziliwakataza kuketi meza moja. Anayesafiri katika juma la kabla ya Pasaka aulize mapema kuhusu gumbo (mchuzi mzito wa jiji hilo) ya majani mabichi inayopikwa pale Alhamisi Kuu.

Lipo jambo jingine ambalo kiongozi mwenyeji wa Tremé atalieleza kuliko mtu aliyekariri kitabu. Barabara ya Claiborne, iliyopita katikati ya maduka na nyumba za Weusi, ilikuwa na safu ndefu za mialoni ambako familia zilikaa kivulini siku za sikukuu. Mwaka 1966 miti hiyo ilikatwa ili kupisha barabara kuu ya juu, na mtaa ukabaki chini ya zege. Misafara ya Jumapili bado hupita pale, na bendi hupenda kusimama chini ya daraja kwa sababu sauti za matarumbeta huvuma kwa nguvu ya ajabu. Baada ya mafuriko ya kimbunga Katrina ya Agosti 2005, yaliyofunika takriban asilimia 80 ya jiji, wanachama waliotawanyika walirudi kutoka miji ya mbali ili tu watoke na vyama vyao, wakakuta ada za ulinzi wa polisi zimepandishwa sana. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2007 ada hizo zikapunguzwa. Mgeni akiyajua haya hawezi tena kuutazama msafara kama onyesho lililoandaliwa kwa ajili yake.

Na kwa kuwa si onyesho, kuna adabu zake. Wageni wasiingie ndani ya kamba zinazowatenga wanachama na bendi, wasimsogezee kamera usoni mtu anayemzika ndugu yake, na wanunue chakula kwa wauzaji wa njiani badala ya kubeba masanduku ya hoteli. Wanamuziki wengi wa jiji lile wanategemea bahasha na ndoo ya bakshishi, ilhali kodi za nyumba mtaani kwao zimepanda kwa sababu nyumba nyingi zimegeuzwa malazi ya wageni wa muda mfupi. Mwandaaji anayepokea malipo ya wiki nzima kwa jina la muziki wao anapaswa kuandika waziwazi katika ratiba yake ni sehemu gani ya fedha hizo inawafikia wapigaji, wapishi na chama kinachotoka Jumapili hiyo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba kurasa zako za safari zinapopokea tangazo la wiki kama hii, ziwaulize waandaaji wanawapokea wageni siku gani na kuwaaga lini. Wageni wakifika Ijumaa, wakapewa Jumamosi ya kuzoea joto na kutembea Tremé, wakawa na Jumapili nzima barabarani na kuendelea na mikahawa, kumbi na makumbusho hadi Alhamisi, gharama itabaki karibu ile ile, na hakuna hoteli itakayopoteza usiku hata mmoja.

Wako mwaminifu,
Msomaji wa siku nyingi