Jenereta mbili haziunganishwi kwa kubahatisha

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na wenye mahoteli, hospitali binafsi, viwanda vya barafu na yeyote mwenye jenereta moja ambaye sasa hivi anafikiria kununua ya pili zifanye kazi pamoja. Kazi hii ndo naifanya kila siku, na kinachonisukuma kuandika ni kwamba nazidi kukuta jenereta zinaunganishwa na mtu ambaye bosi wake kamwambia tu "washa zote mbili", hana kifaa, hajafundishwa, anafunga breka (swichi kubwa inayoiunganisha jenereta na umeme wa jengo) huku anaomba Mungu. Mashine zinakufa hivyo, na mtu pia anaweza kufa.

Wazo lenyewe la kuwa na mbili ni zuri sana, nisieleweke vibaya. Injini ya dizeli inadai kubadilishiwa oili, nyingi ni kila baada ya masaa 250, yaani ikitembea mfululizo ni kama siku kumi tu lazima uizime. Unguja ilipokaa gizani kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kwa sababu ya hitilafu ya umeme unaotoka bara, hoteli zilizobaki wazi ziliishi kwa jenereta usiku na mchana, hapo mwenye moja peke yake lazima azime wageni wakiwa ndani. Mwenye mbili zinazosinkronaiza, yaani zinazokwenda sawa mpaka zinaweza kuunganishwa, anaingiza ya pili, anaihamishia lodi (mzigo wa umeme) taratibu, anatoa ya kwanza na hakuna taa hata moja iliyopepesa. Halafu usiku lodi ikishuka unabaki na moja, maana dizeli inayotembea muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake haichomi mafuta vizuri, utaona ekzosti inatoa majimaji meusi na kaboni inajaa ndani.

Tatizo ni pale wanapodhani kwamba kwa vile zote zimeandikwa volti 400 na 50 Hz basi zinaenda sawa. Haziendi. Kabla ya kufunga breka ya jenereta inayoingia vitu vinne lazima vikubaliane: volti, frikwensi (zile Hz), mpangilio wa fezi, yaani nyaya tatu za umeme zifuatane kwa zamu ileile, na pembe, yaani mawimbi ya mashine zote mbili yapande pamoja na yashuke pamoja. Hili la pembe ndo linasahaulika. Mashine zote zinaweza kuwa zinazunguka 1500 kwa dakika, mita zinasoma sawa kabisa, na bado wimbi la moja liko juu wakati la mwenzake liko chini, hapo kati ya pande mbili za breka kwenye kila fezi kuna kama volti 460 (230 ya fezi mara mbili) badala ya sifuri. Ukifunga, rota (sehemu inayozunguka ndani ya jenereta) inalazimishwa ijivute ikae sawa na mwenzake kwa kufumba na kufumbua, na rota imefungwa kwenye krankishafti ya injini!

Kuna mahali, sitapataja, niliitwa wakati mambo yameshaharibika. Boliti za kapulingi zilikuwa zimekatika, vichwa vya koili kwenye alternata vimeng'oka pale vilipofungwa kamba, na ndani ya breka kumekuwa kweusi tupu. Mlango wa paneli ulikuwa umefunguka wenyewe kwa nguvu. Opereta alisimama pembeni, angekuwa mbele yake leo tungekuwa tunaongea mengine.

Kifaa cha kusinkronaiza kwa mkono sio kitu cha ajabu. Ni sinkroskopu, mshale unaozunguka: ukienda mwendo wa saa, jenereta inayoingia iko haraka, ukirudi nyuma iko taratibu. Unarekebisha gavana (kidhibiti cha mafuta na mwendo wa injini) mpaka mshale uende mwendo wa saa polepole, tofauti ya 0.1 Hz inakupa mzunguko mmoja kwa sekunde kumi, unafunga breka mshale ukikaribia saa sita juu, kabla kidogo, kwa sababu breka nayo inachukua muda wake kufunga. Zamani wazee wetu walitumia taa tatu na wapo wanaotumia mpaka leo, zikizima zote pamoja unafunga katikati ya giza. Ila hapo kuna mambo: kila fezi iwe na balbu mbili za 230 zimefungwa mfululizo, moja peke yake itaungua, na ziwe zile za zamani zenye waya unaowaka ndani, hizi za LED zinadanganya. Na ukiona taa zinawaka kwa kupokezana badala ya kuwaka na kuzima pamoja, acha kabisa, fezi zimepishana, zima mashine urudi kwenye nyaya.

Halafu breka ikishaingia kazi ndo inaanza, sio kuisha. Jenereta mbili kwenye lodi moja ni kama wavuvi wanaovuta jarife, asiyevuta anakokotwa na wenzake. Ile isiyopewa mafuta ya kutosha inageuka kuwa mota, inavutwa na nyingine, ndo maana lazima kuwe na rilei ya riversi pawa, kifaa kinachoitoa mashine umeme ukianza kuirudia, kwa dizeli huwa inasetiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya uwezo wa mashine. Nimeona mafundi wakitaka mashine ibebe lodi wanaongeza volti. Haibebi! Kilowati zinakuja na mafuta, yaani gavana, ukigusa volti unapata tu mkondo unaozunguka baina ya alternata mbili na kuzipasha moto bure. Na gavana zote mbili zikisetiwa zishike 50 Hz kamili bila waya wa kugawana lodi kati yake, zitagombana, moja itabeba yote na nyingine itasukumwa nje.

Sasa ombi langu kwa wenye mali. Ukipewa bei ya jenereta ya pili, uliza palepale bei ya paneli ya kusinkronaiza yenye rilei ya sinkrochek, ile inayokataa breka isifunge kama masharti hayajatimia, hata opereta abonyeze mara ngapi. Muuzaji akikwambia sio lazima, tafuta mwingine. Fundi wa kuifunga muulize leseni yake ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ni ya daraja gani, na mlipe abaki siku chache amfundishe opereta wako, na maelekezo yabandikwe ukutani kwa Kiswahili. Vyuo navyo, VETA na wengine, naomba kijana asitoke na cheti cha umeme bila kushika sinkroskopu kwa mkono wake.

Na kama hela ya paneli haipo, usiziunganishe. Gawa jengo: jenereta moja ibebe pampu na majokofu, nyingine taa na vyumba, weka chenji-ova (swichi za kuchagua umeme utoke wapi) zenye loki ya chuma ili mbili zisikutane hata kwa bahati mbaya. Mashine zako zitadumu hivyo hivyo mpaka hela ya paneli ipatikane.

Fundi wa jenereta,
Temeke, Dar es Salaam