Kioo Kimeoshwa, Mbona Usiku Kina Michirizi?

Malalamiko ni yaleyale kila wiki. Gari limeoshwa, limelipiwa, linang'aa. Usiku mwenyewe yuko Barabara ya Bagamoyo, taa za gari linalokuja zinampiga usoni, na kioo cha mbele kinageuka utando mweupe wenye mistari. Kesho yake anarudi kanuna: "Mmenifutia kwa tambara chafu."

Tambara chafu lipo, hatukatai. Wapo wanaoanza nalo kwenye rimu wakamalizia nalo kwenye kioo. Lakini mara nyingi uchafu huo uko upande wa ndani, na aliyelipia kuoshwa nje hakuulipia. Plastiki ya dashibodi ikipigwa jua hutoa mvuke wenye mafuta, nao huganda kwenye kioo. Pitisha kidole kona ya chini ya kioo cha mbele, kwa ndani. Kikiteleza kama kimepakwa losheni, ndio wenyewe. Dawa ya dashibodi yenye silikoni huongeza balaa, na anayetaka dashibodi ing'ae kama kiatu cha bwana harusi ndiye huyohuyo anayelalamikia kioo.

Jambo la pili ni maji. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi. Tone likikaukia kwenye kioo cha moto linaacha doa jeupe, na sabuni ikikauka kabla ya kufutwa inaacha mstari. Ndiyo maana vioo tunavifanya mwisho, baada ya bodi, gari likiwa kivulini na kioo kimepoa kiasi cha kuweka mkono bila kuuondoa haraka.

Dawa yetu haina siri: mililita 400 za maji ya betri, yale yasiyo na asidi (soma chupa!), na mililita 100 za spiriti ya isopropili. Usitie sabuni hata tone. Spiriti ya kusafishia vidonda usiiguse kwa kazi hii, maana aina nyingine huchanganywa na mafuta ya nyonyo, nawe utakuwa unapaka kilekile unachokitoa.

Vitambaa ni viwili vya maikrofaiba kwa kila upande, kimoja cha dawa, kingine kikavu. Kikunje mara mbili upate nyuso nane, ugeuze kila uso unapochafuka. Kwa ndani, pulizia dawa kwenye kitambaa, mipigo mitatu au minne, usipulizie kioo. Itachuruzika hadi kwenye swichi na redio. Fanya nusu ya kioo, kausha, ndipo uhamie nusu nyingine. Kona ya chini haifikiki kwa kiganja: kaa kiti cha abiria ambako hakuna usukani, geuza mkono kiganja kiangalie juu, usukume kitambaa kwa mgongo wa vidole. Vioo vya milango vishushe kidogo kwanza ufute ukingo wa juu unaojificha kwenye mpira, la sivyo ukikipandisha kioo kitachora mstari wa tope.

Ndani futa juu kwenda chini, nje futa kushoto kwenda kulia. Mchirizi ukibaki, mwelekeo wake unakuambia uko upande gani.

Usisahau waipa. Nyanyua, futa mpira kwa dawa hiyohiyo mpaka kitambaa kisitoke cheusi. Kwenye tangi la maji ya waipa usitie sabuni ya vyombo, inatoa povu na kuacha utando. Madoa ya chumvi yaliyokwishaganda yawekee siki nyeupe na maji nusu kwa nusu kwa dakika 2 au 3, kisha suuza vizuri.

Sasa njia za mkato. Mafuta ya taa yanang'arisha kwa nusu saa, kisha yanashika vumbi na kuuharibu mpira wa waipa. Gazeti linaacha wino kwenye mipira ya milango. Kitambaa kilichofuliwa kwa dawa ya kulainisha nguo hakinyonyi tena, kinapaka. Hasara kubwa ni wembe au stilwaya ya jikoni kwenye kioo cha nyuma. Ile mistari myembamba ya kuondoa ukungu iko upande wa ndani. Ukikata mmoja, mstari huo umekufa. Kama kuna tinti, ikichanika hairekebishwi kipande, inabanduliwa yote na kubandikwa upya. Dawa za vioo zenye amonia nazo huiharibu tinti, taratibu, mpaka inachubuka rangi na kutoa mapovu.

Vioo vyote ndani na nje tunatoza 10,000, na wapo wanaoona ni wizi kwa sababu kuna mahali gari zima linaoshwa kwa nusu ya hiyo. Hapo ni dakika 40 za mtu mmoja na vitambaa vinavyofuliwa peke yake kila siku, mbali na vya rimu. Anayeona ni ghali ana maelezo yote hapo juu, afanye mwenyewe kivulini.

Ukileta gari, tuambie mapema kama unataka na dashibodi. Tutaipaka dawa isiyo na silikoni kwanza, tuiache ikauke, kisha ndipo tuguse kioo.