Wiki nane za kadi: barua kwa mdogo wangu aliye barabarani

Mdogo wangu, asalaam aleikum.

Ujumbe wako wa sauti kuhusu mimba ya mkeo nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeshakaa chini. "Dada, mashine imesema wiki nane. Wiki nane nyuma mimi nilikuwa Kasumbalesa, kwenye foleni ya mpakani. Sasa hiyo hesabu inakaaje?" Halafu kimya, na lori linanguruma.

Nakujibu hapa mbele za watu, bila majina na kwa idhini ya wifi, kwa sababu si wewe peke yako. Miaka kumi na tisa ya ukunga imenionyesha wanaume wengi wenye swali lako: mabaharia, wachimbaji wa Geita, askari waliokuja likizo. Wengine huuliza. Wengine hawaulizi, wanafunga begi tu.

Umehesabu vizuri, ila umeanzia pasipo. Wiki za kliniki hazianzi siku mtoto alipotungwa. Zinaanza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, siku ambayo mwanamke hana mimba yoyote. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo kwenye kadi ni za mtoto ambaye bado hayupo. Najua inasikika kama mzaha. Lakini siku yai linapotoka wanawake wengi hawaijui, na siku damu ilipoanza wanaijua, basi wakunga wakashika wanachokijua. Hata ile kanuni ya kukadiria siku ya kujifungua, iliyopewa jina la Mjerumani Franz Naegele wa karne ya 19, inaanzia hapo hapo: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku saba, rudi nyuma miezi mitatu.

Na wifi yangu hakuhitaji kukumbuka kwa kubahatisha. Tarehe 2 Machi watu walianza chungu la kwanza la Ramadhani, yeye akaingia hedhi. Alikuwa anakunywa chai jikoni amerudishia mlango ili watoto wasimwone. Nyuma ya kalenda ya ukutani akachora vijistari vitano kwa kalamu nyekundu, deni la siku tano za kufunga atakazolipa baadaye. Nimeviona kwa macho yangu, na kimoja kimeingiwa na mafuta ya kupikia.

Sasa twende taratibu. Wewe uliingia nyumbani usiku wa tarehe 14 Machi, chungu la kumi na tatu, na kiroba cha mchele wa Kyela. Ukaondoka tarehe 19. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, kama yeye, yai lake hupevuka na kutoka wiki mbili hivi kabla ya hedhi inayofuata. Kwake hiyo ni tarehe 15, au siku moja mbili huku na huku. Yai likishatoka halimalizi zaidi ya siku moja. Mbegu za kiume ndizo zenye subira, zinaweza kukaa hai mpaka siku tano. Ndiyo maana zile tunazoziita siku za hatari ni kama sita, na ya mwisho ni siku yenyewe ya yai kutoka. Tarehe 15 ulikuwa wapi? Mama anasema ulilalamika kuwa uji wa futari una pilipili manga nyingi.

Watu hudhani mambo huisha usiku ule ule. Hayaishi. Yai hukutana na mbegu ndani ya mrija wa uzazi, na safari ya kushuka mpaka kwenye mfuko wa uzazi huchukua siku kadhaa, huku likigawanyika. Likifika huelea kidogo, kisha hujishikiza kwenye ukuta. Mmarekani Allen Wilcox na wenzake walichapisha mwaka 1999 utafiti uliofuatilia jambo hili kwa kupima mkojo wa kila siku: katika mimba zilizodumu, nyingi zilijishikiza siku ya 8, 9 au 10 baada ya yai kutoka. Kwa wifi hiyo ni kati ya tarehe 23 na 25, kumi la mwisho, wewe umeshavuka Tunduma.

Tarehe 25 alinipigia analia. Ameona tone la damu ya kahawia, akadhani siku zake zimewahi. Pengine ni mimba ilikuwa inajishikiza, pengine ni damu ndogo tu isiyo na sababu kubwa, huwa haijulikani. Akaniuliza na habari ya saumu. Nikamwambia hilo amuulize ustadhi, mimi ni wa vipimo.

Na kipimo chenyewe nilimkataza kukinunua siku ile. Homoni inayosomwa na kipimo cha mkojo huanza kutengenezwa mimba ikishajishikiza, na mwanzoni ni kidogo mno. Idi ikapita, tarehe 31, hajaona kitu. Tarehe 3 Aprili akapima alfajiri: mistari miwili, wa pili hafifu kama uliochorwa kwa penseli. Akarudia baada ya siku tatu, ukakolea. Homoni ile mwanzoni huongezeka maradufu kila baada ya siku mbili au tatu.

Tukaja altrasaundi ya tarehe 28 Aprili. Mashine haisomi siku ya kutungwa. Inapima urefu wa mtoto kutoka utosini mpaka matakoni, kisha inatoa wiki kutoka kwenye jedwali ambalo zile wiki mbili za mwanzo zimeshaingizwa. Inaweza kukosea siku chache, si mwezi. Ikasema wiki nane na siku moja. Toa mbili. Zinabaki sita. Rudi nyuma wiki sita kutoka tarehe 28, unaangukia tarehe 17 Machi, na ulikuwa bado hujaondoka.

Hapo lawama naichukua sisi wa kliniki. Tunatamka "wiki nane" kama bei ya nyanya, tunaita mwingine, na mama anakwenda nayo nyumbani bila maelezo.

Kanuni ya Naegele inatupa tarehe 9 Desemba, sikukuu ya Uhuru, ingawa wanaozaliwa siku ile ile waliyopangiwa ni wachache. Wifi anatapika asubuhi, anakunywa vidonge vyake vya foliki, na hajui kama unahesabu au umenyamaza kwa ajili ya mtandao mbovu. Nimemwambia ni mtandao. Ukifika Tunduma mpigie, usinifanye mwongo. Lile deni la siku tano bado hajalilipa, na kalenda iko pale pale ukutani.

Dada yako.