Mwenye kisukari aelekezwe kwa wenzake tangu siku ya kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie makundi ya mtandaoni ambamo watu wanaoishi na kisukari husaidiana wao kwa wao. Nina kisukari cha aina ya kwanza, yaani mwili wangu hautengenezi insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, kwa miaka 14 sasa, na kwa miaka 9 kati ya hiyo nimekuwa katika kundi moja la namna hiyo, pamoja na watu ambao wengi wao sijawahi kuonana nao ana kwa ana. Rai yangu ni kwamba mgonjwa mpya aelekezwe kwenye kundi linaloaminika tangu siku anayopewa majibu ya vipimo, na anayemwelekeza awe daktari au muuguzi wake, asije akaligundua mwenyewe baada ya miaka mitano ya upweke kama ilivyonitokea mimi.

Sisemi hivyo kwa kuwadharau wanaotutibu. Daktari wangu ni mtu makini sana, lakini tunaonana mara nne kwa mwaka, tena kwa muda usiozidi nusu saa. Siku zote zinazobaki mwamuzi ni mimi: nichome uniti ngapi za insulini kabla ya kula, nipunguze kiasi gani nikijua nitatembea mwendo mrefu, nifanye nini nikiamka na homa na sukari imepanda ilhali sijatia kitu tumboni. Insulini ikizidi humwangusha mtu, ikipungua humdhuru, na bado kuipima ni kazi ya mgonjwa kila siku ya maisha yake. Kazi hiyo inachosha. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kitamwambia daktari kwamba mambo yameharibika, lakini hakina namna ya kumwambia kwamba mgonjwa aliacha kujipima kwa sababu alichoka kuhukumiwa na tarakimu.

Usiku mmoja, katika mwaka wangu wa kwanza kundini, niliamka saa nane nimelowa jasho na mikono inatetemeka, na mashine ikasoma milimoli 2.9 kwa lita. Nilikuwa peke yangu nyumbani. Nilikunywa maji niliyokoroga sukari, kisha nikaandika, kwa maneno yaliyokosewa herufi, kwamba sukari imeshuka na ninaogopa kulala. Hazikupita dakika mbili mtu akaniuliza nimekunywa kiasi gani; mwingine akanikumbusha kwamba gramu 15 za sukari zinatosha kwa kuanzia, kwamba nisubiri dakika 15 ndipo nipime tena, na kwamba nisiendelee kula kwa hofu, kwani hofu hiyo ndiyo humfanya mtu aamke asubuhi sukari ikiwa imepanda kupita kiasi. Wa tatu aliomba namba ya jirani yangu ili nikinyamaza apigiwe simu. Kanuni hiyo ya dakika 15 nilikuwa nimefundishwa kliniki, na ningeulizwa mchana ningeijibu bila kusita, lakini kichwa kilichopungukiwa sukari hakikumbuki masomo. Walikaa nami hadi mashine iliposoma 5.4.

Ni kundini pia nilipoulizwa, kwa mara ya kwanza, kama mahali ninapochoma pana uvimbe laini. Kwa miaka nilikuwa nikichoma sehemu ileile ya tumbo kwa kuwa ilishakufa ganzi, na uvimbe ulikuwapo kweli, nao ndio uliofanya insulini ifyonzwe ovyo, leo kidogo, kesho nyingi. Ninachokishukuru zaidi ni kilichofuata: dada yule aliyeniuliza alikataa katakata kunitajia dozi, akanisisitizia nimwone daktari kabla ya kuhamisha sindano, kwa sababu dozi ileile ikichomwa kwenye ngozi nzima inaweza kuishusha sukari ghafla. Huo ndio mpaka ninaotaka kila kundi liuheshimu. Mwenzako akueleze yaliyomkuta na maswali ya kumpelekea daktari. Kukupangia uniti si kazi yake.

Hatari zipo, nami sizifichi. Ipo ndogo ya vizio: nchi nyingine hupima kwa milimoli kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita, na aliyeambiwa abaki kati ya 4 na 7 anaweza kushtuka mno akisoma 110 kwenye mashine, ilhali 110 ukiigawa kwa 18 ni kama 6.1 tu. Hiyo hurekebishwa kwa kumtaka kila mtu ataje kizio chake.

Kubwa ni wauza miujiza. Huingia kundini kimyakimya, humwandikia faraghani mgeni aliyekata tamaa, humwambia insulini inaua na kwamba unga wao unaponya. Uvumi huo una chanzo kinachoeleweka: wengi wenye aina ya pili, ambao mwili wao bado hutengeneza insulini lakini hauitumii vizuri, huanzishiwa sindano za insulini wakati figo au macho yameshadhurika, na ndugu wanapoona hali inazidi kuwa mbaya huilaumu sindano badala ya miaka iliyotangulia. Kwa sisi wa aina ya kwanza kuacha insulini ni kifo. Kabla ya Januari 1922, kijana Leonard Thompson alipokuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kuchomwa insulini, huko Toronto, Kanada, akiwa na umri wa miaka 14, mtoto mwenye ugonjwa huu kwa kawaida hakuishi muda mrefu. Mwaka juzi mwenzetu mmoja aliacha sindano akaanza unga, na siku chache baadaye akatuandikia kwamba anatapika na anahema kwa kasi. Tulimhimiza kwa sauti moja aende hospitali saa hiyohiyo, akaenda, akapona. Msimamizi alimwondoa muuzaji siku hiyo, lakini alikuwa ameshakaa nasi miezi mitatu.

Kwa sababu hiyo naziomba kliniki zisituache peke yetu. Muuguzi mmoja akiingia kundini hata saa moja kwa wiki, wauzaji hawatapata pa kujificha. Na mgonjwa anapofika kwa daktari na swali alilolitoa mtandaoni, naomba asikemewe. Aulizwe ameambiwa nini na nani, kwa utulivu, kwa maana akikemewa leo, safari ijayo hatataja hata huo unga anaokunywa.

Msomaji wako,
Mwenye kisukari cha aina ya kwanza