Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Kijiti cha Dikoni

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wenzangu, mwalimu mkuu na walimu wetu: assalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni.

Mwaka jana nilisimama hapa na taarifa iliyojaa mabati, madawati na matundu ya choo. Hayo bado yapo na nitayagusa. Ila safari hii nimeiomba kamati iniruhusu nizungumze zaidi juu ya kile watoto wetu wanachojifunza, kwa sababu swali ninaloulizwa kila wiki, sokoni na hata nikiwa kwenye cherehani yangu, si la madawati. Ni hili: "Mwenyekiti, mbona siku hizi watoto wanacheza tu?"

Silichukii swali hilo. Nililiuliza mimi mwenyewe mapema mwaka 2024, mwanangu alipoanza darasa la tatu na kurudi nyumbani miguu imejaa matope, daftari lina kurasa mbili tu za maandishi. Watoto wale wa la tatu, ambao mwaka huu wako la nne, ndio wa kwanza katika ngazi yao kusoma mtaala mpya wa mwaka 2023, ule unaoifanya elimu ya msingi kuwa miaka sita badala ya saba. Wana Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo, na vipindi vya dini. Ukiyasoma majina hayo ukutani unaona masomo mengi yaliyotengana. Mwaka huu nimeyaona yakikutana mahali pamoja, nako ni dikoni, pale ngalawa zetu zinapotia nanga.

Mwalimu wa darasa la nne alianza kwa kuuliza, hakufundisha kitu. Aliwauliza watoto: kesho maji yatajaa saa ngapi? Nusu ya darasa wana baba, babu au wajomba wanaovua, lakini hakuna aliyeweza kujibu kwa uhakika. Basi wakakata mti wa mkoko uliokwisha kuanguka wenyewe, wakaupiga alama za wino kila sentimita 10, wakauchomeka kando ya ngazi za diko. Kwa siku saba mfululizo kikundi kimoja kilikaa pale na saa ya ukutani iliyotolewa ofisini, kikiandika maji yamefika alama ya ngapi, na saa ngapi yamesimama kabla ya kuanza kupwa. Jumamosi na Jumapili walikwenda wale wanaokaa jirani, na mzee mmoja wa mtaani akakubali kukaa nao.

Mimi nilikwenda siku ya kwanza na siku ya saba. Siku ya kwanza ilikuwa maji mafu, yale yanayojaa kidogo, na bahari ilisimama saa 4:10 asubuhi, chini kabisa kwenye kijiti. Siku ya saba ilisimama saa 9:10 alasiri, na maji yalikuwa yamepanda hata watoto wakalazimika kurudi ngazi mbili nyuma. Walipokwisha, walitoa saa ya kila siku kwenye saa ya siku iliyofuata wakapata tofauti sita: dakika 70, 60, 49, 43, 40 na 38. Binti mmoja akasema, "Mwalimu, hazilingani, tumekosea." Mwalimu akamwambia hawajakosea, wazijumlishe zote. Zikawa 300. Wazigawe kwa sita. Zikawa 50. Ndipo alipowapa neno wastani, baada ya wao kuwa nalo tayari mikononi. Kisha akawaambia kwamba mwezi nao huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50 kila siku, akanyamaza. Nilikuwa nimekaa nyuma yao juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Ule ukimya wa watoto kabla ya mmoja wao kupiga kelele, "Kwa hiyo bahari inamfuata mwezi!", sijapata kuusikia darasani tangu nizaliwe.

Kutoka hapo masomo hayakuhitaji kusukumwa. Kwenye Sayansi walijifunza mvutano wa mwezi na jua, na kwa nini bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mzee aliyekaa nao siku za mapumziko aliitwa shuleni kama mgeni wa heshima. Yeye hana jedwali lolote, anahesabu kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu: karibu na mosi na kumi na tano maji makubwa, karibu na nane na ishirini na mbili maji mafu. Watoto wakalinganisha hesabu yake na yao, zikapatana. Naomba wazazi tulitazame hilo kwa makini. Mtoto aliyeona elimu ya babu yake na elimu ya kitabuni zikikubaliana hatamdharau babu, wala hatakiogopa kitabu.

Kwenye Kiswahili walikusanya maneno: kupwa, kujaa, bamvua, mkondo, dema, wando, matlai, umande. Mengine walimu wetu wanaotoka bara hawakuyajua, wakafundishwa na watoto. Nimeiona sura ya kijana mmoja, mkimya sana, siku alipomfundisha mwalimu wake maana ya wando na kumchorea ubaoni jinsi uzio ule wa fito unavyomkamata samaki maji yakipwa. Kwenye Historia walisoma jinsi majahazi yalivyokuja na upepo wa kaskazi na kurudi na ule wa kusi, na kwa nini miji ya kale kama Tongoni, hapa hapa Tanga, ilijengwa ukingoni mwa bahari. Kwenye Maadili wakajadili uvuvi wa baruti: kwa nini mlipuko mmoja unaoua samaki wa leo unaua pia mwamba wanakozaliana wa kesho. Mjadala huo ulikuwa mgumu, kwa sababu watoto wanajua mambo ya mitaani kwao. Mwalimu aliuongoza kwa hekima, hakuna mtoto aliyetakiwa kumtaja mtu.

Upande wa madarasa ya chini nitasema jambo moja tu, maana nililishiriki mwenyewe. Niliombwa kwenda darasa la pili na tepu yangu ya ufundi. Nikachukua doti moja ya khanga kabla haijakatwa. Watoto waliipima kwa tepu, wakaikunja katikati wakaitafuta nusu, wakahesabu maua ya pindo wakagundua upande huu unafanana na ule. Kisha mwalimu akawaomba wasome jina la khanga. Kuna mtoto ambaye mama yake amehangaika naye sana katika kusoma. Alisogea mbele, akaweka kidole, akasoma silabi kwa silabi: we-ma ha-u-o-zi. Akageuka akauliza, "Sasa kama wema hauozi, kinachooza ni nini?" Darasa likajibu kwa pamoja: samaki!

Mwalimu hakuliacha lipotee. Kesho yake waliweka dagaa kwenye mitungi miwili, mmoja na chumvi nyingi na mwingine bila chumvi, wakaitazama na kuinusa kwa siku tatu. Wale ambao bibi zao wanatengeneza ng'onda, samaki wa kukausha kwa chumvi, walijua jibu, lakini sasa wakajua na sababu: chumvi hunyonya maji, na vijidudu vinavyoozesha haviwezi kuongezeka pasipo maji. Hivyo kwa khanga moja walisoma, walipima, walichora na wakaingia kwenye sayansi ya jikoni kwa bibi. Huo ndio "mchezo" tunaoulizana.

Wazee waliosoma miaka ya sabini wameniambia hili si jipya, kwamba Mwalimu Nyerere alishalisema mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Wana haki. Ila wengi wao pia wanakumbuka shamba la shule kama kazi ya jembe na fimbo, mavuno yakaenda wasikokujua. Mwalimu mwenyewe aliandika kwamba wanafunzi washiriki kupanga na kuamua juu ya shamba lao, wajifunze kutokana na makosa yao. Nadhani sehemu hiyo ndiyo iliyosahaulika njiani, na ndiyo ninayoiona ikirudi. Bustani yetu ya mchicha nyuma ya la tano ilikauka kwa jua mwezi wa pili baada ya watoto kuamua wenyewe kumwagilia saa sita mchana. Hakuna aliyechapwa. Walikaa wakajadili, wakahamishia umwagiliaji asubuhi na jioni, na mchicha wa pili tumeula wote siku ya wazazi.

Sasa niseme yaliyotushinda, maana nisipoyasema mimi mtayasema njiani.

Kiingereza hakijaingia katika njia hii. Kinafundishwa bado kwa kunakili ubaoni, na watoto waliochangamka dikoni wanasinzia kwenye kipindi hicho. Walimu wamelikubali wenyewe kwenye kikao cha Septemba na wameomba muda. Pia madarasa yetu ni makubwa mno. Kikundi cha dikoni kinahitaji watu wazima wawili, na mara nyingi yupo mwalimu peke yake. Mtoto mmoja alikatwa unyayo na chaza kwa sababu tulimruhusu kushuka pekupeku. Kosa lilikuwa letu, tumewaomba radhi wazazi wake, na tangu siku hiyo hakuna anayeshuka bila viatu wala bila mtu mzima majini mbele yake. Na kuna wasichana wanne waliokosa siku tatu kati ya zile saba kwa sababu nyumbani kulikuwa na wadogo wa kulea. Wazazi wao nimezungumza nao faragha. Hapa nasema kwa wote: siku ambayo binti anakosa kipimo chake, hesabu ya kikundi kizima inavunjika, na yeye ndiye anayeona aibu.

Kuhusu upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, naelewa hofu yenu. Walimu walitenga wiki za mazoezi ya karatasi na hatukuwazuia, mtoto lazima azoee mtihani. Ninachokataa ni kuugeuza mwaka mzima kuwa mazoezi ya karatasi. Tunaomba kila mzazi apitie mkoba wa kazi za mwanawe ulioko ofisini, si ripoti tu.

Fedha: taarifa ya mhazini imebandikwa mlangoni na nakala ziko mezani. Elimu ni bila ada tangu Januari 2016, kwa hiyo kila kilichoingia ni hiari, na hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili yake. Tulinunua mizani ya mtumba, kamba, mapipa mawili na mitungi. Madawati yaliyochelewa ni ya fundi aliyechukua malipo ya awali akatuzungusha miezi mitatu. Yamefika, lakini kuanzia sasa kamati haitatoa malipo ya awali bila mkataba wa maandishi.

Kijiti bado kiko pale kando ya ngazi. Januari darasa la nne jipya litaanza kupima tena, safari hii kwa siku 14, kutoka maji mafu hadi maji mafu mengine. Nahitaji watu wazima wawili kila siku, saa tatu tu za muda wao, na nawaomba hasa akina baba ambao ngalawa zao zinakuwa zimetia nanga wakati huo. Karatasi ya kujiandikisha iko kwa mwalimu wa zamu. Jina langu liko mstari wa kwanza, siku ya kwanza.

Mwenyekiti,
Umoja wa Wazazi na Walimu